Fundo la Kuvutwa Juu

Mama Mkubwa hapendi kuharakishwa, hapendi lifti, na hapendi mtu amshike mkono kama mgonjwa hata anapokuwa mgonjwa kweli. Kwa hiyo siku ile tulipoingia kwenye lile duka kubwa la vyakula katika nchi ya watu, yeye akiwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na mimi nikiwa na mkoba wake, mkoba wangu na mwavuli uliokuwa unanichuruzikia miguuni, tulitembea kwa mwendo wake. Mwendo wake ni wa mtu anayekagua shamba lake.

Tulikuwa tumesafiri siku mbili kwa ajili ya macho hayo. Daktari alitupangia saa nane mchana, na mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia alitaka vyumba viwe wazi saa nne asubuhi apate kupiga deki. Nje mvua ilikuwa inanyesha bila haya. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara, lina taa nyingi na viti vya kupumzikia. Nikasema tukajibanze humo. Sikuwa na nia nyingine yoyote, na ninalisema hili kwa sababu baadaye aliniuliza mara tatu kama nilimpeleka pale makusudi.

Niseme kabisa yeye ni nani kwangu. Ni dada yake mama yangu, na ndiye aliyenilea. Mama mzazi aliondoka nikiwa na miaka miwili, akaenda kufanya kazi ughaibuni kwenye jiko la hoteli, akaniacha kwa dada yake mpaka mambo yake yatengemae. Nilipofikisha miaka minne niliambiwa amekufa huko kwa homa, na amezikwa huko huko. Ndivyo nilivyoambiwa, na kwa miaka thelathini na miwili sikuwa na sababu ya kubisha. Sina picha yake. Sauti yake siikumbuki. Kitu pekee kilichonibakia ni kwamba sukari ikianza kuchemka na machungwa, nahisi kuna mtu amesimama nyuma yangu. Nageuka, hakuna mtu. Mama Mkubwa naye hugeuka. Hatujawahi kuulizana.

Sukari na machungwa ndiyo maisha yetu. Mama Mkubwa anapika jamu tangu kabla sijazaliwa, siku hizi kwenye chumba kimoja cha nyuma chenye sufuria mbili na dirisha lililoingia masizi, na mtaa mzima unamwita Mama Jamu. Mimi ni fundi cherehani; namkatia vitambaa vya kufunikia vifuniko vya chupa, na jioni nikitoka kazini namsaidia kufunga. Utotoni kazi yangu ilikuwa kulamba povu. Tangu nilipojua kutembea nilikuwa na kijiko changu mfukoni kama polisi na kirungu chake, na ndiyo maana nyumbani nikaitwa Kijiko. Jina hilo halijulikani nje ya mlango wetu. Kazini wangelisikia ningehama mji.

Sasa kuhusu kufunga. Bibi yangu, mama yao, aliungua kidole gumba cha mkono wa kulia kwa sukari ya moto akiwa msichana, kikakauka kikawa hakikunjiki. Kwa hiyo alipofunga uzi juu ya kitambaa alikuwa anauzungusha mara tatu kushoto, anaupenyeza kwa kidole cha pete, kisha anakaza kwa meno. Fundo lake lilikuwa linakaa kichwa chini, miguu juu. Ukilivuta kuelekea chini, kama mtu yeyote mwenye akili timamu anavyovuta, linazidi kukaza. Lazima ulivute juu. Binti zake wawili walijifunza kwake wakidhani ndivyo dunia nzima inavyofunga, na vidole gumba vyao vilikuwa vizima kabisa! Walikuwa wasichana wakubwa siku mwenye duka mmoja alipowacheka. Hawakubadilisha. Na mimi nimefundishwa hivyo hivyo, na mpaka leo nikifunga kifurushi cha mteja ananirudishia nikamfungulie.

Bibi alikuwa na utaratibu mwingine. Chupa ya kwanza kutoka kila sufuria haiuzwi. Inatengwa kwa ajili ya marehemu wa nyumba. Inakaa rafu ya juu mpaka sufuria inayofuata, kisha inapewa mtu mwenye shida. Bibi alipokufa, Mama Mkubwa akawa anamtengea yeye. Nikiwa na miaka kama tisa niliuliza, "Na ya mama yangu?" Akasema, "Ya bibi yako inawatosha." Nikauliza tena siku nyingine, akageuka mbogo, akanipiga kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwake. Nililia, kisha akalia yeye, na akalia zaidi yangu.

Haya, turudi dukani.

Sijawahi kuona chakula kikipewa heshima namna ile. Mafuta ya zeituni yalikuwa yamepangwa kwenye vichupa vidogo kama manukato. Samaki wamelazwa juu ya barafu, wote wametazama upande mmoja. Jibini lilikuwa na ukumbi wake mzima, baridi, na mwanamume mwenye glavu nyeupe akilikata kama daktari wa upasuaji. Mama Mkubwa kwa kuwa haoni vizuri alikuwa ananusa na kugusa kila kitu, na mimi namfuata nyuma nikiomba radhi.

"Hili limeoza," alisema mbele ya jibini lenye madoa ya bluu, kwa sauti ya kutosha.

"Ndivyo linavyotakiwa kuwa, Mama."

"Nani kalitaka?"

"Wenye pesa."

"Kumbe kwetu nilikuwa natupa utajiri jalalani," akasema, na mwenye glavu akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Nilicheka pia, lakini si kwa moyo wote. Tangu tulipopita mlangoni kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Duka lilikuwa kimya kupita kiasi, kimya cha chumba ambacho watu wameacha kuongea ghafla ulipoingia. Kila tulipokata kona nilihisi kuna mtu ametutangulia hatua chache na kukata kona ya mbele. Nilijiambia ni uchovu wa safari. Mama Mkubwa naye alianza kupunguza maneno, na yeye akinyamaza ujue kuna jambo. Tulipofika upande wa mikate alisimama, akainua uso.

"Kuna mtu anapika machungwa humu," akasema.

"Hakuna jiko humu, Mama."

"Nasikia harufu."

Nikataka kumwambia asinitishe. Sikuweza, kwa sababu na mimi nilikuwa naisikia.

Jamu zilikuwa kwenye rafu ndefu za mbao, na mwanzoni nilizitazama kwa wivu wa kikazi tu. Lebo nzuri, chupa nzuri, jamu nyepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Kisha, mwisho wa rafu, karibu na nguzo, nikaona safu nzima ya chupa za jamu ya machungwa zilizofunikwa vitambaa vya maua madogo. Nikachukua moja nione mshono wa pindo, maana fundi haachi. Kidole changu kikagusa fundo.

Nilivuta uzi kwenda chini; ukakaza. Nikavuta juu, ukaachia wote kwa mkupuo, kitambaa kikanibakia mkononi.

"Mama," nikasema, na nilikuwa nacheka, nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nacheka. "Mama, shika hii. Kuna mtu mwingine duniani anakosea kama sisi."

Nilimpa chupa ya pili, iliyokuwa bado imefungwa. Akaipapasa. Vidole vyake vilizunguka uzi, mara moja, mara mbili, vikafika kwenye fundo, vikatulia hapo. Nilisubiri aseme neno la utani. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Rudisha," alisema. "Twende hospitali."

"Saa tano hii? Tunaenda kukaa wapi?"

"Nimesema rudisha, twende zetu."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Watu waliolijua fundo lile walikuwa wanne. Bibi alishakufa. Wawili tulikuwa tumesimama pale. Nilihesabu mara ya pili, na hesabu ikabaki ile ile. Mama yangu alikuwa hai. Au alikuwa hai siku za karibuni, akiwa na mikono mizima, akifunga chupa. Sikujua kama nipige kelele au nikae chini. Nilitaka kitu kimoja tu, kujua yuko wapi, na nilikuwa tayari kubomoa duka lile kwa ajili ya kukijua.

Msichana wa zile rafu alikuja, amevaa aproni ya kijani, ameona kitambaa mkononi mwangu.

"Shikamoo, mama," akamwambia Mama Mkubwa kwanza. Kisha mimi: "Dada, samahani, haturuhusu kufungua kabla ya kulipia."

"Nitalipia. Nani anapika hizi?"

"Ah, hizo!" Akatabasamu. "Fundo limekusumbua? Limemsumbua kila mtu. Wateja wanalalamika, wengine wanakata kwa kisu. Meneja alimwandikia mwenyewe abadilishe, akajibu kwamba kwao ndivyo wanavyofunga, na kama hatutaki aache kutuletea."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mama mmoja, ana karakana yake nje kidogo ya mji. Si mwenyeji wa hapa, alikuja zamani kufanya kazi hotelini. Tulipelekwa kuitembelea karakana nilipoanza kazi. Ana roho nzuri, ila..." Akasita, akapunguza sauti kama watu wanavyofanya wakiongelea msiba. "Ana ukuta mzima wa jamu ambazo haziuzwi. Kila sufuria, chupa ya kwanza anamtengea mtoto wake. Wengine wangezigawa, yeye hawezi kuachana nazo. Ziko za miaka na miaka, zimekuwa nyeusi kabisa."

"Mtoto wake yuko wapi?" niliuliza.

"Alifariki. Alimwacha kwao akiwa mdogo, akashikwa na homa. Miaka minne, maskini. Kwenye kila chupa ameandika kwa mkono jina alilokuwa anamwita. Jina la kuchekesha kidogo. Kijiko."

Nilisikia mlio wa friji za jibini upande wa pili wa duka. Nilisikia mtu anasukuma toroli lenye gurudumu bovu. Nilitazama mikono yangu, na kweli nilikuwa nayo. Maisha yangu yote nilidhani nyumba yetu ina marehemu mmoja anayetutembelea sukari ikichemka. Kumbe mahali fulani, ng'ambo ya mpaka, kulikuwa na jiko jingine, na mwanamke mwingine anageuka nyuma, na aliyekuwa anamtafuta ni mimi.

Msichana akaniuliza kama niko salama. Nikamwomba kiti. Akatupeleka kwenye benchi karibu na samaki, akatuletea maji, akarudi kwenye rafu zake akitutazama kwa jicho la pembeni.

Mama Mkubwa alikaa amepakata ile chupa. Sikumwuliza kitu. Nilimngoja. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na nilijua nikifungua mdomo nitamtukana mtu mzima hadharani.

"Aliandika kwamba anakuja kukuchukua," alisema mwishowe. "Alitaja mpaka tarehe. Mimba zangu tatu zilikuwa zimetoka. Usiku ulikuwa unalala umenishika sikio. Hulali mpaka ushike sikio langu. Nikamwandikia kwamba umekufa. Nikamwambia asije, tumeshakuzika na tunahama. Tukahama kweli, wiki ile ile."

"Alikuja?"

"Sijui."

"Mama, alikuja?"

"Sijui! Labda alikuja akakuta watu wengine kwenye chumba chetu. Unadhani sijawaza hilo? Kila siku ya Mungu namwona amesimama kwenye mlango ule na mkoba wake, anauliza kaburi."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Watu wawili waliokuwa wanachagua samaki waliondoka. Hakujitetea hata kwa neno moja, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu yeye ni mtu wa kubishana na redio. Mwisho nikamwuliza kitu kilichokuwa kimenikaa kooni tangu nina miaka tisa.

"Ndiyo maana hukumtengea chupa."

"Ningemtengeaje?" alisema, na sasa machozi yalikuwa yanatoka kwenye macho yale yenye ukungu. "Kukwambia wewe amekufa nilikwambia. Lakini kuweka chupa ya mtu aliye hai kwenye rafu ya wafu? Ningemuua. Yule ni mdogo wangu."

Nilimtazama. Nilikuwa namchukia, na nilikuwa namfahamu mpaka ndani ya mifupa, na nilijua kwamba nikiondoka pale hataweza hata kuvuka barabara peke yake. Alikuwa ameninyima mama. Alikuwa amekesha na mimi kila nilipougua, ameuza vikuku vyake ninunuliwe cherehani. Siwezi kuyaweka mambo haya mawili kwenye sahani moja, na sijaweza mpaka leo.

Nikasimama, nikamfuata msichana wa aproni, nikamwuliza kama kuna simu.

Simu ya kuagizia bidhaa ilikuwa kwenye kaunta ndogo nyuma ya mikate. Namba ya karakana ilikuwa kwenye lebo ya chupa, chini kabisa, kwa maandishi ya mchwa. Msichana alinibonyezea mwenyewe kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vinakosea. Ikaita mara nne. Akapokea binti mmoja mwenye haraka.

"Karakana, karibu."

"Naomba kuongea na mama mwenyewe."

"Yuko jikoni, sufuria iko motoni. Nimwambie nani?"

"Mwambie mtu wa kwao," nikasema.

Nikasikia simu inalazwa mezani. Nikasikia vifuniko vikigongana, maji yakifunguliwa, mtu akicheka kwa mbali. Halafu miguu, taratibu, ya mtu anayetembea kama anakagua shamba lake. Simu ikainuliwa. Hakusema "haloo." Nilisikia tu anapumua, na nyuma yake sufuria inatokota.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilitaka kuanza polepole, nimwulize hali, nimwambie akae chini kwanza. Yote yalinitoka kichwani.

"Mimi ni Kijiko," nikasema.

Sufuria iliendelea kutokota. Nilingoja kilio, nilingoja tusi, nilingoja simu ikatwe. Lakini sauti iliyokuja haikushtuka hata kidogo. Ilikuwa ya upole, ya mtu aliyezoea, ya mama anayemsemesha mtoto ambaye huwa anapita hapo mara kwa mara.

"Leo umekuja mchana?" aliniuliza.

Nikashika kaunta. Nilihisi kuna mtu amesimama nyuma yangu. Nikageuka, na safari hii alikuwepo: Mama Mkubwa, amepapasa rafu zote za mikate mpaka kunifikia, chupa ameikumbatia kifuani, mkono mwingine ameunyoosha hewani kuelekea kwenye ile sauti.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Leo nimekuja mchana."